Disketi ya Kuwashia Niliyoificha Benaco

Siku yangu ya kwanza kazini Benaco, kwenye kambi ya wakimbizi wa Rwanda, nilifika na cheti cha upigaji chapa na viatu vya visigino, na vyote viwili havikunifaa. Nilitoka kwetu Mbuba nikidhani nitapewa taipureta. Nikaonyeshwa hema, jenereta, na kompyuta mbili zilizofunikwa kitenge kwa ajili ya vumbi. Mkuu wa Usajili, mzee mkali aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, aliniuliza, "Dada Leokadia, umewahi kuiwasha hii?"

"Shikamoo, Mzee. Hapana."

"Marahaba. Basi usiiguse mpaka nikwambie."

Ninyi vijana mnabonyeza kitufe mnaendelea na soga. Kompyuta ikipata umeme haijui kitu. Lazima kwanza isome programu ya kuiendesha, ile inayoiambia herufi zinatoka wapi, zionekane wapi na kazi ihifadhiwe wapi. Siku hizi inaitwa mfumo endeshi. Wetu ulikuwa DOS, sisi tukiuita dosi, na tuliubeba ndani ya disketi, kile kibamba cha plastiki kinachoenea mfukoni mwa shati. Unachomeka disketi, unawasha, mashine inanguruma kidogo, kisha skrini nyeusi inakuja na alama moja inayongoja amri yako. Unaandika neno, inatii. Ukikosea, inakwambia umekosea, basi. Niliupenda mfumo ule, na mpaka leo nakasirika mtu akiuita wa kizamani.

Kazi yetu ilikuwa kutunza orodha ya watoto waliopotezana na wazazi njiani. Mzee aliipanga kwa vilima, maana Rwanda watu hutaja kwao kwa jina la kilima wanachokaa. Watu wa Rwanda, kama sisi Wahangaza wa Ngara, hawakuwa na jina moja la ukoo. Kila mtoto alipewa lake. Mimi na kaka zangu watatu tulikuwa na majina manne, na baba alikuwa na la tano. Lakini mtoto mdogo, hata akisahau mengine yote, kilima cha kwao anakitaja. Unaandika kilima, unapata watoto wake wote, unamsomea mama.

Kisha Mzee akahamishiwa Biharamulo. Akaja Mratibu mpya, na nyuma yake Mtaalamu wa Mitambo kutoka makao makuu, kijana nadhifu mwenye boksi la disketi za mfumo mpya, ule wa picha na kipanya.

"Dada, huu ndio dunia nzima inautumia," aliniambia.

"Hiyo dunia ina umeme," nikamjibu.

Hakucheka. Jamani, mfumo ule! Ulichukua dakika nzima nzima kuamka, ukituonyesha kisaa cha mchanga. Jenereta ikikohoa mara moja, mashine inazimika, na ikiwaka inaanza kujikagua yenyewe upya huku watu wamepanga foleni juani. Kipanya kilijaa vumbi jekundu, na kila asubuhi nilikichokonoa kwa pini. Lakini hayo yote ningeyavumilia. Programu ya usajili iliyokuja na mfumo huo ilitafuta watu kwa jina la familia tu. Nafasi ya kuandika kilima haikuwepo kabisa.

"Kilima si jina la mtu," Mtaalamu alisema.

Nilimweleza habari ya kaka zangu. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akakusanya disketi zetu zote za kuwashia. Alisema zinaleta virusi, na Mratibu akaongeza kwamba atakayewasha mashine kwa njia nyingine ajitafutie kazi nyingine. Moja niliificha ndani ya kitabu changu cha nyimbo za kanisani. Ilikuwa na dosi na orodha ya Mzee, vyote pamoja. Mashine za wakati ule zilichungulia mlango wa disketi kabla ya kitu kingine chochote, na Mtaalamu, pamoja na usomi wake wote, hakukumbuka kuzikataza.

Wiki chache baadaye tukaanza kuwahamisha watoto hao waliopotezana na wazazi, waliolelewa kwenye kituo chetu, kwa zamu, kwenda kituo kingine wilayani Biharamulo. Asubuhi moja ya zamu hizo akaja mama mmoja, Mukamana Daforoza, anamtafuta mwanawe Hakizimana wa miaka sita. Yeye kwa Kinyarwanda chake, mimi kwa Kihangaza changu, tulielewana vizuri. Niliandika Mukamana kwenye nafasi ya jina la familia. Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikaleta ukurasa mtupu.

Mratibu akachungulia begani kwangu. "Hayupo. Mashine imeshasema."

"Hayupo wapi?" Daforoza akauliza nilipomtafsiria.

"Kwenye mashine."

"Sisi ni watu wa Gasenyi," akaniambia mimi, polepole, kama mtu anayenipa ufunguo mkononi. Mkoba wangu ulikuwa chini ya meza, na kitabu cha nyimbo kilikuwa ndani. Nilimtazama Mratibu. Mkataba wangu ulikuwa wa mwezi kwa mwezi, na nyumbani walikuwa wananitegemea.

"Rudi kesho, mama," nikasema. Huko nje lori lilikuwa linapakia watoto.

Kesho yake Mratibu alikwenda mkutanoni Ngara mjini. Nikachomeka disketi. Gasenyi: watoto kumi na mmoja, na wa nne ni Hakizimana, miaka sita. Nikakimbilia kituoni. Alikuwa ameondoka na lori la jana.

Nilimwita Mzee kwa redio, naye akajibu kutoka Biharamulo kwamba mtoto yupo kwake. Nikadhani yamekwisha. Mratibu aliporudi akasema hati ya kumrudisha mtoto haitoki bila programu mpya, na programu mpya haitoi hati kama mama na mtoto hawana jina moja la familia. Basi nikamwandika mtoto "Hakizimana Mukamana". Mashine ikaridhika, Mratibu akaridhika, na mtoto wa watu akabaki kwenye makaratasi na jina ambalo hakuna aliyempa. Aliletwa siku ya tisa tangu aondoke. Siku tisa mtoto wa miaka sita alikaa ugenini akidhani hana mtu.

Na mimi, nilipoulizwa nimempataje mtoto nikakiri, kwa kosa la disketi nilipewa barua ya onyo. Onyo tu! Kumbe ndilo nililokuwa naliogopa.

Baadaye nilimfuata Mzee Biharamulo, kisha nikaingia ofisi ya wilaya, nikastaafia huko. Nyumbani ninatumia Linux, mfumo wa bure, kwenye kompyuta ya mapajani ambayo fundi alishasema itupwe. Inawaka ninavyotaka mimi. Vijana wa duka la kuchapisha pale mjini hunicheka, halafu huniuliza kwa nini nikiambiwa "mfumo unasumbua, bibi" napandwa na hasira kiasi kile.

Kwa sababu siku ile ya tisa Daforoza alikuja kunishukuru, mtoto amemkumbatia shingoni hataki kushuka. Akanishika mikono, akanibariki, halafu akaniuliza bila lawama yoyote: "Siku ile ya kwanza nilipokuja, mashine ilikuwa na nini?"

"Ilikuwa mbovu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Mashine ilikuwa nzima.