Tunda Lililozikwa Mahali Pangu

Nilizikwa nyumbani, nje kidogo ya Homa Bay, nikiwa nimelala hospitalini ng'ambo. Hakuna aliyeniuliza kama nimekufa.

Nilikuwa nimehamia nchi ya baridi kufanya kazi ya kupakia mizigo. Vita vilipowafikia wenyeji wangu, nikajitolea jeshini. Sikulazimishwa, na wanaosema nilidanganywa wanikome kabisa. Watu wale walinipokea nikiwa mgeni. Ningejifungia vipi ndani wao wakifa? Bomu likanipata wakati wa theluji. Mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti, na kwa miezi mingi sikujitambua, sembuse kutafuta simu.

Kijana mmoja wa Awendo tuliyekuwa naye kikosini aliniona nikibebwa, akadhani nimekwisha. Akapiga simu kwetu. Mama alingoja maiti hadi akachoka. Ndipo wazee wakafanya tunavyofanya sisi Waluo kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana: wakachuma yago, lile tunda refu, zito, la porini, wakalizika mahali pangu.

Nikarudi. Langoni baba mdogo akanizuia.

"Usiingie. Tumeshakulilia, tumekuzika. Yago litolewe kwanza, na mama yako asikusalimie mpaka litoke."

"Ala! Kwani mimi ni jini? Nishike basi, uone kama sina joto!"

Hakunishika. Nikaketi kando ya barabara na magongo yangu, nikalia kwa hasira. Tangu hospitalini nilitaka kitu kimoja tu, kumsikia Mama akiniita nyathina, mtoto wangu, kama zamani.

Vijana wakachimba. Yago lilikuwa limeoza, limebaki nyuzi nyeusi. Mama akatoka mbio, akapiga magoti pale shimoni hata kabla hajanitazama. Kisha akaona suruali yangu ilivyokunjwa.

"Mguu uko wapi?"

"Ulibaki huko, Mama."

"Nani aliuzika?"

"Sijui. Nadhani hakuna."

Akawageukia vijana. "Liacheni humo. Rudisheni udongo."

Baba mdogo akafoka, lakini nani angemweza mama yangu siku hiyo? Wakafukia. Ndipo akaja langoni, akanishika mkono, akaniingiza nyumbani. Nikadhani yameisha.

Hayajaisha. Ananipikia, ananifulia, ananiita "wewe". Na kila jioni akishaanua omena, dagaa wake wa kuuza, huchukua kigoda akaketi kando ya lile kaburi, akaongea peke yake. Aki nimelionea wivu tunda, mimi mtu mzima niliyeona vita!

Juzi nilimfuata polepole. Nilipomkaribia nikamsikia akisema, kwa sauti ile ya utotoni mwangu, "Nyathina."

"Naam, Mama!" nikaitika, machozi yakinitoka.

Akashtuka, akageuka, akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgeni aliyepotea njia.

"Chakula chako kiko jikoni," akasema. Hakuwa akiniita mimi.