Maji Mdomoni mwa Bibi

Nilipokuwa mtoto huko milimani juu ya Uyole, kitu nilichokiogopa kuliko chui ni mtu mzima aliyekasirika akanyamaza. Tuliamini hasira isiyosemwa hutoka kifuani mwa mzee kama baridi na kumwingia mtoto mdogo wa nyumba ile. Dawa yake moja tu: mkosaji akiri, kisha mzee apige funda la maji na kuyatema, kuonyesha moyo umeachilia. Akiyameza, basi tena.

Mwaka ule mama alibatizwa, na wokovu ukampanda kichwani. Alikuta chungu cha pombe ambayo bibi, mama yake baba, aliipika kwa ajili ya mizimu. Akaimwaga yote kwenye mahindi huku akiimba. Bibi alitazama tu. Akaingia kwake, akafunga mlango.

Haikupita wiki, mdogo wangu Tumaini akaanza kuchemka mwili na kukataa ziwa. Mama aliomba mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilijua kinachomla mtoto, nikaogopa hata kupita mlangoni kwa bibi.

"Nenda kamwombe radhi," baba alimwambia mama.

"Nikaipigie magoti mizimu? Mimi nimeokoka."

Mwinjilisti wetu, mzee mpole, alipokuja asubuhi moja kumwombea mtoto alimsikiliza mama hadi mwisho. "Mizimu tuiache," akasema. "Mama mkwe wako je, hujamkosea?"

Mama akalia. Asubuhi ile ile akambeba Tumaini hadi kwa bibi, akapiga magoti nje, kwenye umande.

"Mama, nimekukosea. Nilikudharau nyumbani kwako. Nisamehe."

Bibi akatoka na kata ya maji, akapiga funda. Hakutema. Mashavu yamejaa, macho kwa mama, nami nimeng'ang'ania kanga ya mama. Kumbe kusamehe nako ni kazi. Nikaliona koo la bibi linacheza. Mungu wangu, anameza, mdogo wangu anakufa.

Akayatema, kifuani mwa Tumaini, machozi yakimtiririka. "Yaishe, mwanangu," alisema. Mama hakuyafuta yale maji.

Tumaini alipona, leo ana wajukuu. Mimi nimezeeka. Nimesikia mahubiri mengi ya moto wa jehanamu, na hakuna hata moja lililonitisha kama koo lile. Jumapili ya meza ya Bwana, kabla sijapiga magoti, hujiuliza ni nani ambaye maji yake bado nimeyashika mdomoni.