Mbwa Niliyemlea Peke Yake

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na mpaka leo inanitia woga. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu. Mtoto wa mwanangu ni wangu. Kaa basi, umteremshe huyo mtoto mgongoni. Tangu mfike jana kutoka mjini Baraka hajakanyaga chini.

Ilikuwa enzi za Wabelgiji, walipotulimisha pamba kwa lazima. Nilikuwa nimeolewa hapa hapa milimani Fizi, na mama yako ndiyo kwanza alikuwa amezaliwa. Babu yako aliwinda kwa nyavu. Mbwa wake jike, aliyevaa kengele ya mti shingoni, alizaa watoto watano jikoni kwa mama mkwe wangu. Desturi ilikuwa kuwaacha pamoja mpaka mama yao mwenyewe awachoke. Mimi nikajifanya mjuzi. Chui alikuwa ameshatuchukulia mbuzi wawili, nami nikataka mbwa mkali asiyemjua mtu ila mimi. Nikamchukua mmoja angali ananyonya, nikamfungia katika banda la kuku lililokuwa tupu. Nilimlisha uji kwa mkono wangu. Kila aliposikia ndugu zake wakicheza nje alilia, nami nikajifanya sisikii.

Akakua, mzuri wa manyoya, nikamtoa bandani. Lakini mbwa mwingine akimkaribia, aliingia chini ya kitanda akitetemeka, au alimrukia kooni. Kengele za wenzake zikilia kwenda mawindo, alijikojolea. Nikaanza kuogopa, mwanangu. Ningemwambia nani, na kosa ni langu?

Asubuhi moja nilikuwa natwanga. Kugeuka, namwona mama yako ametambaa hadi kwa yule mbwa, amemshika sikio, anacheka. Mbwa mwingine angembana kidogo tu kumwonya, au angeondoka zake. Huyu alifunga meno mpaka mfupani. Ile alama mkononi mwa mama yako, anayosema aliungua kwa chungu, ndiyo hiyo. Anasema hivyo kunisitiri mimi.

Babu yako alikuja mbio na panga. Mama mkwe akamshika mkono.

"Usimuue! Tumufunge, tumuangalie. Kama iko na wazimu, itakufa yenyewe, tutajua." Kisha akanigeukia. "Imbwa haina makosa. Batoto ba imbwa banafundishana meno. Mumoja akiluma sana, mwenzake analia, anakataa kucheza naye. Hii ya kwako, nani alilia mbele yake?"

Nikambeba mama yako, nikaenda kumwosha jeraha.

Yakafuata majuma ambayo simtakii hata adui yangu. Mwenye wazimu huo, kichaa cha mbwa, hukataa maji, basi kila asubuhi nilimpa mama yako maji na kumtazama koo kama litameza. Siku alipopaliwa nilipiga yowe, majirani wakajaa. Kumbe ni punje ya mahindi. Hakufa yeye, wala mbwa hakufa. Mama mkwe alijaribu kumchanganya yule mbwa na watoto wa uzao uliofuata, lakini walipomchokoza wacheze alijikunja ukutani, hajui la kufanya. Alizeekea kwenye kamba. Samaki mkunje angali mbichi; mimi wangu nilikuwa nimeshamkausha.

Sasa nasikia huko Baraka unamfungia mwanao mlango, eti watoto wa jirani watamchafua, watampiga. Nakuelewa sana. Woga kama huo ndio ulionipeleka mimi kwenye banda la kuku. Ila mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwache atoke, asukumwe naye asukume. Amlize mwenzake, ayaone machozi yake, na siku nyingine alizwe yeye. Wewe kaa karibu umwangalie, lakini usimnyakue kwa kila kilio. Kuna mambo ambayo mtoto hufundishwa na watoto wenzake tu, tena mapema, kabla hajakauka. Wewe na mimi hatuyawezi, hata tumpende namna gani.

Unawasikia wale wanaocheza uani? Naye anawasikia, tazama anavyogeuza kichwa. Mungu akupe macho ya kumlinda na moyo wa kumwachia, amkuze kati ya wenzake, asije akamuumiza mtu bila kujua. Amina. Haya mwanangu, inuka ufungue huo mlango.