Visheti Nilivyoletewa Aden

Nyumba yetu ilikuwa ya pekee ya Mayahudi pale Chake Chake. Baba alikuwa sonara wa fedha kutoka Aden, akifua vikuku na mikufu ya mabibi harusi, Waislamu na Wahindi. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa na miezi minne. Mke wa mkulima mmoja wa Wawi alinichukua, akaninyonyesha pamoja na binti yake. Huyo ndiye niliyemwita Mama, na hakuna aliyenikataza.

Nilipotimiza miaka kumi na saba, baba alianza kuona haya. Taurati nilikuwa naisoma kwa kukwamakwama, herufi moja baada ya nyingine. Akaamua nikakae Aden mwaka mmoja, kwa mwalimu aliyemfundisha yeye.

Mama alinisindikiza mpaka bandarini.

"Kasome, mwanangu," aliniambia. "Usilolijua uliza, usione haya."

Lakini mimi kule niliona haya kwa kila kitu. Siku ya kwanza mwalimu alinipa kitabu nisome. Mstari wa tatu sikuufikia. Akanionesha mkeka wa watoto wa miaka minane, nami nikaenda kukaa pale, magoti yamenifika kidevuni. Kiarabu changu kiliwachekesha hata hao wadogo. Wakati wa chakula, vijana wa rika langu waliniuliza huko kisiwani nani anatupikia.

"Mama yangu," nikasema.

Sikusema uongo. Lakini nilijua walivyonielewa, nikawaacha na walivyoelewa.

Mwezi wa pili abiria mmoja aliyetoka Unguja aliniletea mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na visheti, vimepangwa safu kwa safu, na kijibarua cha baba: "Mama yako wa Wawi anakusalimu. Kula bila wasiwasi." Mkebe niliufungua mbele ya wenzangu, na hilo ndilo kosa langu la kwanza.

"Amepika nani?" mmoja akauliza.

"Mwanamke mmoja anayetufanyia kazi."

"Myahudi?"

"Muislamu."

"Na wewe utavila?"

"Hata!" nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nikatoka na mkebe mpaka uani, nikawamwagia mbuzi wa mwalimu. Nilisimama pale mpaka wakamaliza, kwa kuogopa nisije nikaokota kimoja.

Mwaka ulipokwisha nilikuwa nasoma bila kusita. Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nilimsomea baba, akalia. Kesho yake nikaenda Wawi. Mama alikuwa kibarazani anamenya mihogo. Alinishika uso kwa mikono yake yenye udongo, kisha akauliza lile nililokuwa nikiliogopa tangu melini.

"Visheti vilifika? Havikuvunjika?"

"Vilifika, Mama."

"Maana tulihangaika! Nilinunua karai jipya. Nikamuuliza baba'ko sheria yenu, akaniambia moto akiuwasha yeye, mnakula. Basi akaja akauwasha. Akakaa jikoni kwangu tangu asubuhi mpaka kisheti cha mwisho, moshi unamliza, nami namcheka."

Nilitaka kusema vilikuwa vitamu.

"Mama, sikuvila. Niliwapa mbuzi. Na wewe nikasema ni mtumishi wetu."

Aliendelea kumenya. Muhogo wa kwanza ukaisha, akashika wa pili.

"Walikucheka?" akauliza.

"Akina nani?"

"Hao wenzako. Ulipowaambia hivyo, walikucheka?"

"Hawakunicheka."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi."

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine yoyote. Ila tangu hapo hakunipikia tena. Kila nilipomtembelea alinitolea dafu, au ndizi, au chungwa na kisu juu ya sahani, nimenye mwenyewe.

"Hivi havina shaka," alikuwa akisema, na sikusikia kijembe ndani yake. Alidhani ananipunguzia tabu.

Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo. Mara mbili nilimwomba wali wake wa nazi, mara ya pili karibu kwa machozi. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu anayejilazimisha kula kwa adabu tu, akanyanyuka, akaenda kuniletea chungwa jingine.