Hamira Katika Unga wa Dani

Juzi binti yangu alinishtua jikoni. Tulikuwa tukitwanga njugu za kukaanga, tuzichanganye na ndizi mbivu na asali, nikamwona amenyoosha mkono achukue kopo la hamira atie kwenye unga wa mkate. Nilipiga kelele mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Maskini, hakujua kosa lake. Acha nikueleze, maana hata wewe ungedhani nimerukwa na akili.

Tulipokuwa wadogo mtaani Migosi, ng'ambo ya ua wetu aliishi mjane Myahudi aliyeolewa Kisumu kutoka upande wa Uganda. Sisi watoto wa kanisa tulimwita Dani, yaani nyanya kwa Kiluo, na kila Pasaka yake ilipofika alituita tumsaidie. Tulimenya njugu, tukapigania kulamba kijiko cha asali. Niliipenda nyumba ile kuliko yetu, nasema kweli. Kazi kubwa ilikuwa mkate: maji yakishagusa unga, tulikuwa na dakika kumi na nane tu za kukanda, kusukuma, kutoboatoboa kwa uma na kuoka.

“Haraka, watoto wangu! Wazee wetu walitoka Misri mbio, hawakungoja unga iumuke.”

Mimi nilimhurumia. Mama yangu alikuwa akiuza mandazi, na kwetu unga usioumuka ulikuwa hasara na aibu. Mwaka huo, nikiwa na miaka minane, nilichota hamira ya Mama, nikaificha kwenye karatasi, na Dani alipogeuka kuchochea jiko nikaimwaga katika unga wake. Nilijiona mwerevu ajabu.

Mikate ilitoka bapa kama ya kila mwaka. Hakuna ambaye angejua. Dani akaanza kuifunga kwenye kitambaa cheupe, ya kuliwa jioni, huku akituambia kwamba tangu utoto wake, wiki hiyo, hamira haijawahi kupita mdomoni mwake. Hata alipolazwa hospitali aliukataa mkate, akala ndizi. Nikinyamaza, nitamvunjia jambo alilolishika maisha yake yote. Nikisema, sitauona tena mlango ule.

“Dani, usikule hiyo. Mimi niliweka hamira.”

Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda, akatazama dirishani. Jua lilikuwa limeinama upande wa ziwa, na unga aliouweka kwa ajili ya sikukuu ulikuwa umekwisha.

“Pelekea mama yako,” akasema, akinipa mikate yote. Kisha akaanza kusugua meza, polepole. Jioni hiyo alisherehekea kwa majani machungu na njugu zetu, bila mkate. Nililia sana.

Mwaka uliofuata nilijifungia ndani, nikiwasikia wenzangu wakitwanga njugu. Dani akaja mwenyewe mlangoni kwetu, ameshika pakiti ya unga ambayo haijafunguliwa.

“Wewe ndio utanichungia hii,” akasema. “Mtu asiguse.”

Niliikumbatia asubuhi nzima.

Baadaye alirudi kwa watu wake, na sijui kama yu hai. Ua wenyewe haupo. Pamejengwa ghorofa la kupangisha, na mama yangu aliacha mandazi zamani. Ninamkumbuka Dani kuliko ninavyowakumbuka baadhi ya ndugu zangu, ndiyo maana Pasaka yake ilipofika mwaka huu niliamua kuoka mkate wake.

Nilipomaliza kumsimulia binti yangu hayo yote, nilimkabidhi unga. Aliubana kifuani, akamfukuza kaka yake. Hata mimi nilipouhitaji, alinikagua mikono kwanza.