Nyekundu ya Kogo

Siku moja haijawahi kunitoka, mwanangu: siku niliyomnyima nyanya yangu rangi. Tulimwita Kogo. Ndiye aliyenilea hapa Sigor, akanifundisha kushona shanga kwenye kifuniko cha ngozi cha sotet, kile kibuyu tunachowekea mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilikuwa na umri kama wako na kichwa kigumu kama chako, usinune.

Kazi hiyo niliipenda. Nikishika ngozi na sindano, chai ilipoa nikaisahau. Wageni wa kwenda mbugani walisimama Mulot wakanunua. Kisha mwaka mmoja hawakuja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi vyangu nilivitembeza kutoka Mulot hadi soko la Bomet, mvua ikininyeshea, na jioni nikarudi navyo vyote. Basi nikaamini ni vibaya. Nilikata tamaa kabisa. Nikamimina shanga kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikausukuma chini ya kitanda, nikaenda kuchuma majani chai kwenye shamba la watu.

Miezi hiyohiyo presha ya macho ilikuwa inammaliza Kogo. Daktari alikuwa ameshasema hakuna la kufanya. Akaniletea kibuyu chake cha tangu aolewe, kifuniko kimeliwa na panya, akaniomba nimshonee kingine.

“Weka ile nyekundu na ile bluu,” akasema. “Nataka nione kabla macho haijazima.”

“Na nani atanunua, Kogo?” nikamjibu.

Najua, mwanangu. Hata leo nikilirudia neno hilo naona aibu.

Hakukasirika. Alinishika vidole, akavigeuzageuza kama mtu anayechagua viazi sokoni.

“Hii mikono umefanya duka,” akasema. “Kastoma akikosa, unafunga. Wakati ulikuwa mtoto ulikuwa unacheka peke yako na shanga. Ulikuwa unauzia nani?”

Nilimwambia nitashona kesho. Kesho ikawa baada ya kuvuna mahindi, kisha ikawa nikipata nafasi, na ukweli ni kwamba nafasi nilikuwa nayo, moyo ndio uliokuwa umekufa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilipoutoa mkebe, mahindi yalikuwa yamekauka ghalani. Nilishona siku nne. Sitakudanganya, siku ya kwanza nilishona kwa hasira. Siku ya tatu nikajikuta naimba, na hakukuwa na mteja hata wa dawa.

Nilimpelekea mbio, furaha imenijaa. Akakipokea, akapitisha kidole gumba polepole, shanga kwa shanga.

“Hii ni kazi safi,” akasema. Halafu akainua uso, akauelekeza mahali ambapo sikuwepo. “Niambie, nyekundu ni hii?”

Ilikuwa bluu. Nikamwambia ndiyo.

Jana nimeuona mkebe wako chini ya kitanda, ndiyo maana nimekuita. Sitakuahidi kwamba soko litarudi. Mimi halikunirudia kama zamani, na huzuni ile ninayo mpaka leo, nalala nayo na kuamka nayo. Lakini soko likilala, wewe usilale nalo. Uza ukipata wa kumuuzia, na usipompata, mshonee mtu unayempenda, au jishonee mwenyewe, kitu ambacho hakina bei. Wala usingoje furaha ije kwanza ndipo ushike sindano. Mimi ilinikuta siku ya tatu nikiwa kazini, na ilikuwa imechelewa. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo ni mimi.

Mungu akulindie macho yako, mwanangu, na ya wale unaowashonea. Akupe mikono isiyofunga hata siku ambayo hakuna anayebisha hodi. Sasa nenda uutoe huo mkebe, uanze na nyekundu, nami nikae hapa nikuangalie maadamu bado naona.