Kengele ya Kumaliza

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1978, sikupewa kiti. Mkuu wa Kituo alinisimamisha mbele ya swichibodi, ubao wenye matundu kama sega la nyuki.

“Binti, sikiliza kwanza,” alisema. “Huu hauzimwi. Ukikosea, unakosea watu wakiwa ndani.”

Ndivyo nilivyoanza uopereta katika kituo kidogo cha simu huku Karagwe. Aliyetaka kupiga alizungusha kishikio cha simu yake. Kwangu kibati kilidondoka juu ya tundu lake, nami nikachomeka kamba kumuunganisha na mwenzake. Kamba zilikuwa jozi sita tu. Mazungumzo yakiisha, mmoja wao alipaswa kuzungusha tena. Hiyo ndiyo kengele ya kumaliza, iliyoniambia nichomoe.

Baadaye nilihamishiwa upande unaoitwa Kyerwa siku hizi, chini ya Msimamizi wa Mitambo. Huko simu zilikuwa nyingi mno. Vibati vilidondoka mfululizo kama buni mbivu, na kamba zote zimeshikwa.

“Mikono yako mizito, dada,” Msimamizi aliniambia. “Ikifika Ijumaa watu bado wanalalamika, nakuandikia barua ya kuachishwa.”

“Shikamoo mzee, naomba…”

“Marahaba haichomoi kamba.”

Nilichukua karatasi. Kwa kila kamba niliandika nyakati tatu: nilipochomeka, maneno yalipokoma, nilipochomoa. Opereta aliruhusiwa kuingia kidogo kwenye laini na kuuliza kama watu wamemaliza. Kufikia Jumatano karatasi ilinishangaza: kamba zangu zilishikwa na ukimya.

Nikaingia kwenye laini ya mzee mmoja wa Ihanda na mkwewe wa Kamuli. “Mmemaliza?”

“Zamani,” akajibu mkwe.

“Mbona hujazungusha?”

“Dada, nimpigie baba mkwe kengele sikioni? Si ni kumfukuza?”

Mzee akakohoa upande wa pili. “Mimi namngoja yeye. Ndiye aliyepiga. Nikizungusha atasema nimemchoka.”

“Hapana, baba!”

“Basi zungusha.”

“Tangulia wewe, baba.”

Nilicheka mpaka nikaziba kipaza sauti. Walikaa na mikonga ya simu masikioni wakiheshimiana, na muuguzi wa Nyakakika anangoja laini.

Kuwafundisha adabu nyingine nisingeweza. Tangu hapo, nikikuta kimya, niliingia nikasema, “Simu inawaaga nyote wawili, asanteni,” kisha nikachomoa. Ufidhuli nikaubeba mimi.

Ijumaa Msimamizi alikuja na saa yake, akakaa nyuma yangu hadi adhuhuri. Muda wote kamba mbili zilikuwa zinapumzika.

“Umebadilisha nyaya?”

“Hapana, mzee.”

“Sasa umebadilisha nini?”

Nikampa karatasi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Barua haikuandikwa.

Nilistaafu miaka ya tisini, ulipokuja mtambo unaojiendesha wenyewe, na sikuondoka na kinyongo. Ninyi mnaohudumia mitambo ya mtandao, ikizubaa watu wakiwa ndani, msikimbilie kuizima. Kaeni nayo ikifanya kazi, muulize kila laini inangoja nini.

Siku ya kukabidhi ofisi nilipekua kitabu cha hitilafu. Kwenye safu ya chanzo, chini ya kutu, radi na panya, Msimamizi yule alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kukandamiza neno moja: Heshima.